Herufi Iliyofunga Mkanda

Jumatatu kwetu huitwa siku ya kwanza
na hakuna aliye tayari kuanza.
Kalamu zimeganda usiku.
Watoto kumi na tisa wamezitia makwapani,
wametulia kama kuku wanaoatamia,
wanangoja wino uanguliwe.
Naandika duara ubaoni: О.
Kando yake duara lile lile,
ila hili nalipitishia mstari kiunoni: Ө.
"Hii imefunga mkanda," nasema.
Dashnyam anyoosha mkono:
je, ile ya kwanza, suruali haitaidondoka?
Somo likaishia hapo.
Tulicheka mpaka kengele ikalia.

Jumanne Tuvshinjargal aling'oka jino
katikati ya neno "theluji".
Tangu hapo kila S yake inapiga mluzi,
na darasa zima linatamani pengo.
Kwao jino hufungwa kwenye kipande cha mafuta
na kupewa mbwa, ili liote jipya lenye nguvu.
Bweni halina mbwa.
Saa sita akaficha mafuta ya kondoo shavuni,
akatoka bila kofia, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kumtafuta mbwa wa mchochea jiko.
Nilimwona dirishani. Nilipaswa kumwita.

Jumatano, kutoa.
Kila mtoto ana vifupa kumi
vya vifundo vya miguu ya kondoo,
vimelainika kwa kuchezewa na kaka na dada.
"Kumi toa tatu," nasema,
na dawati baada ya dawati vifupa vinasogea, tak, tak, tak.
Munkhzul hasogezi kitu.
Oktoba baba yake alikuwa na mifugo mia tatu.
Barafu ikafunga nyasi.
Sasa hesabu yao anaijua kwa vidole,
na anavaa glavu.

Nani aliyelitia neno hili kazi mbili,
kutoa kwa kupa
na kutoa kwa kupokonywa?
Wahenga walisema kutoa ni moyo.
Hawakusema moyo wa nani.

Nikasema polepole: "Munkhzul. Toa tatu."
Akavichagua, vitatu vizuri kuliko vyote,
akavisukuma mpaka kwa Dashnyam.
"Nimetoa."
"Vimebaki vingapi?"
Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwalimu wake.
"Kumi. Saba hapa, tatu pale."
Nilishika kalamu nyekundu
muda mrefu.

Alhamisi sikumbuki tulijifunza nini.
Upepo. Umeme ulikatika.
Nilikuwa na homa, nao wakanisomea,
wakiruka maneno marefu.

Ijumaa ni siku ya barua.
Gombosuren wa lori la makaa ya mawe
anaelekea bondeni, atazigawa njiani,
hema kwa hema,
iwapo barabara itakuwa bado barabara.
Tuvshinjargal ameandika kurasa mbili za herufi S.
Dashnyam amechora farasi
mwenye miguu mitano: mmoja wa akiba.
Munkhzul neno moja tu, өвөө,
yaani babu,
neno lenye herufi nne,
na tatu kati yake ni za mkanda.
Akaandika ameuma ulimi,
akikandamiza ule mstari wa kiunoni
hadi karatasi ikaanza kuchanika.
"Mbona unakaza hivyo?"
"Yuko nje na kondoo waliobaki," akasema.
"Upepo unaingilia hapa,"
akanigusa kiunoni.

Nikaikunja barua mwenyewe.
Ndipo nikaona: ya mwisho haina mkanda.
Labda alisahau. Labda wino uliganda.
Lori lilikuwa likinguruma mlangoni,
Gombosuren ananyoosha mkono,
nami mfukoni
nikipapasa kalamu.